Robo ya Nini?

Ukifika buchani ukasema "nipe nusu na robo", hakuna anayekuuliza robo ya nini. Muuzaji anakata, anapima, unaondoka na gramu zako 750. Wewe na yeye mnajua kwamba kizima kinachozungumzwa ni kilo, kwa hiyo hakitajwi. Saa nayo ni hivyo hivyo. Mtoto wa miaka saba akikuambia ni saa nne kasorobo, tayari ametoa robo kwenye kizima, wala hajui kwamba hapo amefanya hesabu ya kutoa sehemu. Sisi tunaoongea Kiswahili tunalala na sehemu na kuamka nazo: kibaba nusu, robo tatu ya debe, theluthi ya usiku.

Sasa mbona mtoto huyo huyo akifika darasa la saba, akawekewa fumbo la hesabu lenye theluthi na robo, anaganda? Nafundisha twisheni ya hisabati hapa Tanga, kwenye baraza ya nyumba yetu Ngamiani, na hili nimelitazama mwaka baada ya mwaka. Sehemu zenyewe hazimshindi. Ukimwandikia 1/3 + 1/4 atatafuta KDS (kigawe kidogo cha shirika), atapata 12, atakupa 7/12 kabla hujakaa vizuri. Kinachomshinda ni kizima. Buchani kizima kimetulia mahali pake, ni kilo, jana na leo. Kwenye fumbo kizima kinahama katikati ya sentensi, na hakuna anayemwambia kwamba kimehama.

Binti wa kaka yangu alinijia na daftari lake jioni moja, uso umemvimba kwa kulia. Swali lilikuwa hili: Asha alikuwa na fedha. Alitumia theluthi ya fedha hizo kununua madaftari, kisha akatumia robo ya fedha zilizobaki kununua kalamu. Akabakiwa na shilingi 3,000. Je, mwanzoni alikuwa na shilingi ngapi?

Alikuwa amejumlisha theluthi na robo, akapata 7/12. Akatoa kwenye kizima, zikabaki 5/12. Akaandika mlinganyo wake, 5/12 ya x ni sawa na 3,000, akazidisha kwa 12, akagawanya kwa 5, akapata 7,200. Chini yake kulikuwa na kosa la wino mwekundu, bila neno lolote la maelezo.

"Shangazi, mbona imekubali?"

Watoto wetu husema hesabu "imekubali" pale inapogawanyika bila baki. Na kweli ilikuwa imekubali. KDS ni sahihi, kutoa ni sahihi, na jibu ni namba nzima isiyo na hata senti ya ziada. Jibu lingetoka na desimali ndefu mtoto angeshtuka, angerudi nyuma kutafuta alipoteleza. Hili lilikuja limevaa vizuri, akaliamini.

Sikumwonyesha kosa. Nilimwambia, "Haya, mpe Asha hizo 7,200 umpeleke dukani." Akaanza: theluthi ya 7,200 ni 2,400, zimebaki 4,800. Robo ya 4,800 ni 1,200, zimebaki 3,600. Akanyamaza. Nikamuuliza, "Asha karudi nyumbani na 3,000 tu. Hizi 600 nani kazichukua?" Akainama tena kwenye daftari, akasoma swali upya kimya kimya, midomo ikicheza. Alipofika kwenye "zilizobaki" kidole kikasimama.

Kwenye msumari wa mlango wa uani huning'inia kamba ya katani, imebaki kwenye kufungia mizigo. Nikaitoa. Nikamwambia hii ndiyo fedha yote ya Asha, hatujui ni ngapi na wala hatuna haja ya kujua sasa hivi. Ikunje mara tatu, mikunjo ilingane. Akaikunja, tukatia alama za mkaa kwenye mikunjo. Kipande kimoja, cha madaftari, akakifumbata kwenye kiganja. Mbele yake vikabaki vipande viwili, kamba iliyonyooka yenye alama moja katikati.

"Sasa toa robo."

Mkono ukaenda moja kwa moja kwenye kiganja, kutaka kuikunjua kamba yote aanze upya kuigawa kwa nne. Hapo ndipo kosa lilipokaa, kwenye mkono, wala halikuwa kwenye KDS. Nikamshika kiganja. "Hizo zimeshakuwa madaftari, ziko kwenye begi. Unaweza kununulia kalamu?" Akacheka. Akaikunja ile iliyobaki mara mbili, halafu mara mbili tena, akatia alama mpya, akaficha kipande kimoja kidogo. Vikabaki vidogo vitatu. Akapima kidogo kimoja na kipande kikubwa cha kwanza, akaona viwili vyake vinajaza kikubwa kimoja. Akahesabu kamba yote kwa vidogo: viwili, vinne, sita. Vimebaki vitatu.

"Shangazi, ni nusu ya kamba!"

Nusu ni 3,000, basi zote ni 6,000. Theluthi 2,000, zikabaki 4,000, robo yake 1,000, zikabaki 3,000. Hapo hata x hatujaitaja.

Tulipoiandika kwa herufi, ilikuja yenyewe. Zote ni x. Akitoa theluthi inabaki 2x/3, na hiyo ndiyo kizima kipya, nikamwambia aipigie mstari kama anavyopigia jina lake. Robo ya 2x/3 ni x/6. Ukitoa x/6 kwenye 2x/3 inabaki x/2. Basi x/2 ni 3,000. Tangu siku ile kila mwanafunzi wangu anafuata desturi moja: swali linaposema "iliyobaki", unashuka mstari mpya na kuandika kizima kipya kabla hujagusa sehemu yoyote.

Kuna na lile neno "ya". Tunawakaririsha MAGAZIJUTO mpaka wanaiimba: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Humo "ya" haimo. Mtoto anaiona kama kiunganishi tu cha kwenye somo la Kiswahili, hajui kwamba "robo ya 4,800" ni amri ya kuzidisha, na kwamba neno linaloifuata "ya" ndilo lenye siri yote ya swali. Mimi nawaambia waizungushie duara. Fumbo lenye duara tatu lina vizima vitatu vya kuulizia, hata kama viwili vitakuja kuwa kimoja.

Mimi mwenyewe sikuielewa "ya kilichobaki" darasani. Niliielewa sebuleni, siku tulipokaa kugawa mirathi ya baba.

Baba aliacha mke, wanaume wawili na wanawake watatu. Aliacha fedha taslimu 2,400,000 na shamba la minazi upande wa Pangani. Kaka yangu mkubwa alikuwa ameshapiga hesabu usiku kwa moyo mwema kabisa: mama ana thumuni, yaani moja ya nane, kwa kuwa marehemu ana watoto, na thumuni ya 2,400,000 ni 300,000. Sheikh alipofika akasoma ile karatasi, akauliza swali moja. "Deni la marehemu mmelipa?" Hatukuwa tumelipa. Baba alikuwa akidaiwa 800,000 za vifaa vya ujenzi. Sheikh akaigeuza karatasi upande wa nyuma, akasema taratibu kwamba mazishi kwanza, kisha deni, kisha wasia ikiwa upo na usizidi theluthi, na kinachobaki hapo ndicho mali ya warithi. Kabla ya hapo hakuna mali ya kutoa thumuni. Zikabaki 1,600,000, na thumuni ya mama ikawa 200,000.

Thumuni ya kaka ilikuwa sahihi. Kizima chake ndicho hakikuwa sahihi, na kingeachwa vile, ile laki ya ziada ingemtoka mwenye haki yake.

Tukaja kwenye minazi. Ilihesabiwa 96. Mama akapata thumuni yake, 12. Ikabaki 84, ya watoto, mwanamume mafungu mawili na mwanamke fungu moja. Mafungu ni mawili, mawili, moja, moja, moja: jumla 7. Ukigawa 84 kwa 7 unapata 12. Nikakaa na ile 12 yangu nikiitazama kwenye karatasi. Sheikh alikuwa amesema mimi nina subui ya kilichobaki, nami nilikuwa na minazi sawasawa na mama mwenye thumuni ya yote. Nikaandika pembeni: 1/7 ya 7/8 ni 1/8. Kilikuwa kipindi cha msiba na moyo ulikuwa mzito, lakini hapo ndipo nilipoona kwa macho yangu kwamba sehemu mbili zenye majina tofauti zinaweza kuwa kitu kimoja, na sehemu mbili zenye jina moja zikawa vitu viwili. Inategemea umeziweka juu ya nini.

Sisi watu wa pwani tulipaswa kulijua hili kuliko wengi, kwa sababu majina yenyewe ya sehemu tuliyapata kwa Kiarabu: nusu, theluthi, robo, humusi, sudusi, subui, thumuni, tusui, ushuri. Qur'ani, katika Surat an-Nisaa, inataja sehemu sita za warithi: nusu, robo, thumuni, theluthi mbili, theluthi na sudusi, yaani moja ya sita. Wazee wetu waliita hata sarafu ya senti 50 thumuni, au sumni, na mtoto aliyetumwa dukani na sumni alikuwa ameshika sehemu mkononi.

Lipo suala moja la mirathi ninalolipenda kuliko mafumbo yote ya vitabuni. Mtu amefariki, ameacha mke, mabinti wawili, baba na mama. Mke ana thumuni, mabinti wana theluthi mbili, baba sudusi, mama sudusi. Tafuta KDS, ni 24. Mke 3, mabinti 16, baba 4, mama 4. Jumlisha: 27. Vipande vimezidi kizima! Inasimuliwa kwamba Sayyidna Ali, khalifa wa nne, aliulizwa suala hili akiwa juu ya mimbari, akajibu papo hapo kwamba thumuni ya mke imekuwa tusui, kisha akaendelea na hotuba yake. Yaani asili ya 24 inaachwa, mali inagawanywa mafungu 27, na mke anachukua 3 kati ya 27, ambayo ni 1/9. Kila mtu amepunguzwa kwa uwiano ule ule. Mafakihi wanaliita auli. Mimi nikilifikisha hapo darasani hata wale wa nyuma huinua vichwa.

Na hapa hatujatoka nje ya aljebra hata kidogo. Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, aliyefanya kazi Baghdad zama za Khalifa al-Ma'mun, aliandika kitabu chake cha al-jabr na al-muqabala kwenye mwaka 820 hivi, na karibu nusu ya kitabu hicho ni masuala ya wasia na mirathi: fulani amefariki, ameacha watoto kadhaa, akausia kiasi fulani cha theluthi, kila mmoja apate nini. Hakuwa na x. Hakuwa hata na alama ya kujumlisha. Aliandika kila kitu kwa maneno, na kile kisichojulikana alikiita shay', yaani kitu. Mtoto wangu wa baraza anaponiambia "hicho kitu, Shangazi, ukikitoa robo", anazungumza kama al-Khwarizmi mwenyewe. Na neno al-jabr lina maana ya kurudishia kilichopungua, neno lile lile walilolitumia kwa kuunga mfupa uliovunjika. Huku kwetu wapo wazee wanaounga mifupa, na watoto wanaelewa haraka ukiwaambia kwamba 2x/3 ni mfupa uliovunjika, uunge uwe x nzima.

Kuna njia nyingine ya zamani zaidi, na inaniuma kwamba watoto wengi huikuta wenyewe kisha wanapigwa mkasi. Mwaka 1858 Mskoti mmoja, Alexander Henry Rhind, akiwa Luxor, Misri, alinunua mafunjo yaliyonakiliwa na mwandishi aitwaye Ahmose karibu na mwaka 1550 kabla ya Kristo. Sasa yako British Museum, London. Suala la 24 linasema: fungu, ukiliongezea subui yake, ni 19. Fungu ni ngapi? Neno la Kimisri lililotumika pale hufasiriwa kuwa lundo, na sisi tuna neno linalokaa hapo kuliko lolote: fungu la nyanya sokoni, fungu la mrithi kwenye mirathi, fungu la Ahmose.

Ahmose anakisia. Anasema tufanye fungu ni 7, kwa sababu 7 ina subui nyepesi. Saba na subui yake ni 8. Lakini tunataka 19. Basi 8 izidishwe kwa kitu gani iwe 19? Kwa 2 na 3/8. Zidisha ile 7 ya kukisia kwa hiyo hiyo, unapata 16 na 5/8, na hilo ndilo fungu.

Mpe Asha dawa hiyo. Kisia alikuwa na shilingi 12, kwa kuwa 12 inakubali theluthi na robo. Madaftari 4, zimebaki 8. Kalamu 2, zimebaki 6. Kweli zilibaki 3,000, ambazo ni 6 mara 500. Basi 12 mara 500 ni 6,000. Mwanafunzi wangu mmoja alilifanya hivi kwenye jaribio, hakufundishwa na mtu, akanyimwa alama zote kwa sababu "amebahatisha". Hakubahatisha. Alichagua 12 kwa makusudi, na alijua kwamba kila kitu kwenye swali lile kinakua kwa uwiano mmoja, ukizidisha mwanzo unazidisha mwisho. Njia hii ina mpaka wake: ikiwa swali lina kiasi kisichobadilika katikati, mfano Asha akakatwa nauli ya shilingi 500 njiani, haifai kama ilivyo, na hapo x inaonyesha nguvu zake. Hilo ndilo la kumwambia mtoto, siyo kumkatia mkasi.

Kaka wa yule binti wa kamba yuko kidato cha kwanza. Miaka saba amesoma hisabati kwa Kiswahili, na mwaka mmoja tu umegeuza kila kitu Kiingereza. Nilimpa fumbo la Asha kwa Kiswahili akalimaliza akiwa amesimama. Siku ya tatu akaniletea lake la shuleni, la shamba la mkulima, mbegu nyingine lakini mifupa ile ile, na alikuwa amejumlisha sehemu zote pamoja kama mdogo wake siku ile. Nikamwambia anisomee. Akasoma vizuri, kwa sauti, mpaka alipofika kwenye "remainder". Nikamuuliza maana yake. Akasema ni baki, ile namba ndogo unayoiandika pembeni ukigawanya ikakataa. Na kwa kweli ndivyo alivyolikuta neno hilo mara ya kwanza, kwenye kugawanya. Hakuna aliyemwambia kwamba hapa ni shamba lililobaki, kizima kipya. Nilipomtafsiria neno hilo moja alinyamaza, akachukua kalamu, na sikuhitajika tena. Sijui ni watoto wangapi wanaandikwa kwamba hawajui hisabati wakati kinachowakosesha ni neno moja. Nawaomba walimu wenzangu wa kidato cha kwanza, wiki mbili za mwanzo, someni mafumbo kwa lugha zote mbili. Hakuna atakayepungukiwa.

Likizo iliyopita binti alikuja tena, safari hii hakuwa na swali la shuleni. Alikuwa ametunga lake. Mama yangu, ambaye ni bibi yake, alikuwa amekaa kwenye mkeka anasuka ukili, nasi tuko pembeni yake. Akanisomea kwa sauti ya mtihani: Bibi ana shamba la minazi. Alimpa Baba theluthi ya minazi yake. Akampa Shangazi robo ya minazi iliyobaki. Kisha akampa mjukuu wake nusu ya minazi iliyobaki hapo. Ikabaki minazi 3. Je, Bibi alikuwa na minazi mingapi?

Nikashuka mistari yangu kama ninavyowafundisha. Imebaki 2x/3. Robo yake x/6, imebaki x/2. Nusu yake x/4, imebaki x/4. Basi x/4 ni 3.

"Kumi na mbili," nikasema, na hapo nikatambua ni minazi gani.

Mama hakuinua macho kwenye ukili wake. "Na hiyo mitatu iliyobaki umempa nani?"

"Sijampa mtu, Bibi," akasema. "Hiyo ni yako."